Kasha Halitafutwi Kimya Kimya: Jiokashingi, Mizinga na Historia ya Ukambani

Nianze na msimamo, historia itafuata. Jiokashingi ni mchezo mzuri kuliko mingi tunayochomea bando. Lakini ikichezwa Kitui na Makueni venye inachezwa Ulaya na Marekani, itatuletea maneno. Kuna adabu moja ya huo mchezo ambayo hapa kwetu lazima igeuzwe juu chini. Na sababu ya kuigeuza haiko kwenye simu yako, iko kwenye historia ya Ukambani.

Kwa wale hawajui: mtu anaficha kasha mahali, anachukua koodineti zake, yaani zile namba za GPS za mahali penyewe, anaziweka kwenye mtandao. Wewe unazisoma, unaenda, unatafuta. Ukilipata, ndani kuna daftari. Unaandika jina lako la mchezo na tarehe, unarudisha kasha pale pale, unaenda zako. Basi. Swali la kwanza kila mtu huniuliza ni, "Ukipata unalipwa ngapi?" Sufuri. Unalipwa matembezi.

Wenyewe wanaita "cache", neno la Kifaransa la kitu kilichofichwa. Mimi nasema kasha, kwa sababu Kiswahili tayari kina kasha, na sauti ziko karibu hadi unaweza kudhani ni ndugu.

Na kabla mtu aulize nimetoa wapi haya yote: nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa. Digrii sina. Kusoma sikuacha.

Huu mchezo ulitoka wapi

GPS ni mali ya jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978. Mwaka wa 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, KAL 007, ilipotea njia ikaingia anga la Muungano wa Sovieti, ikaangushwa, watu 269 wakafa. Rais Reagan akaahidi kwamba GPS itafunguliwa kwa raia ikikamilika. Ikafunguliwa, lakini kwa mkono wa birika. Raia walipewa mawimbi yaliyoharibiwa makusudi, hivi kwamba kifaa chako kingeweza kukudanganya kwa karibu mita 100. Mita 100 ni tofauti kati ya boma lako na boma la jirani mnayekosana naye.

Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, serikali ya Clinton ikazima huo uongo. Dunia nzima, kwa dakika chache, vifaa vikawa sahihi mara kumi hivi. Siku iliyofuata, Mei 3, jamaa anaitwa Dave Ulmer akaenda msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaacha ndoo ya plastiki. Ndani aliweka vitabu, video, programu za kompyuta, manati, na kopo la maharagwe. Akaandika koodineti mtandaoni na sheria moja: chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari. Ndani ya siku tatu watu walikuwa wameshaipata. Mmoja wao, Mike Teague, akaanza kuweka orodha ya makasha yote. Mwisho wa mwezi huo Matt Stum akapendekeza jina "geocaching". Septemba 2, 2000, Jeremy Irish akafungua tovuti ikiwa na makasha 75. Leo yako zaidi ya milioni 3, na yako kila bara, hata Antaktika.

Kabla ya GPS kulikuwa na mchezo wa aina hii Uingereza. Mwaka wa 1854, mwongoza wageni anaitwa James Perrott aliacha chupa huko Cranmere Pool, katikati ya nyika ya Dartmoor, ili yeyote anayefika aache kadi yake kuonyesha amefika. Kufika kwenyewe kulikuwa kazi, kwa hivyo ile kadi ilikuwa na maana.

Shikilia huo mwaka, 1854. Sasa rudi nyuma miaka mitano, uje Kitui.

Koodineti za Kivoi

Mwaka wa 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akaja Ukambani. Hakuja akibahatisha. Njia ilikuwa imeshakanyagwa na Wakamba wenyewe kwa miaka mingi. Tulianza na kuthuua, ile safari ya kwenda kwa majirani kutafuta chakula wakati wa njaa, ukibeba kitu cha kubadilishana. Kufikia miaka ya 1840 hizo safari zilikuwa zimekuwa misafara ya biashara inayobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani. Mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa hiyo kazi alikuwa Kivoi wa Kitui.

Hebu fikiria kuongoza msafara kutoka Kitui hadi Mombasa bila ramani. Unakatiza nyika kavu, mahali ukikosea mto mmoja wa mchanga watu wanakufa kiu. Lazima ujue ni mto gani ukichimba utapata maji na upi utakudanganya. Lazima ujue kilima gani kikiwa upande wa kushoto asubuhi, jioni kitakuwa wapi. Hizo ndizo zilikuwa koodineti, na zilihifadhiwa kichwani.

Kivoi alimwambia Krapf habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mawingu yalifunguka na Krapf akauona mwenyewe. Wakamba waliuita Kiinyaa. Wengi hueleza kwamba jina linatokana na mbuni dume, mweusi mwenye manyoya meupe, kwa sababu mlima ni mawe meusi na theluji. Krapf aliliandika venye sikio lake lilisikia, na kutoka hapo tukafika kwenye neno Kenya. Kwa hivyo jina la nchi yetu liliingia kwenye maandishi ya Wazungu kwa matamshi ya Kikamba, mtu akiwa amesimama Kitui.

Halafu nini kikatokea? London kulikuwa na mtaalamu wa jiografia anaitwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Alikuwa ameshapinga habari za mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, aliyeona Kilimanjaro mwaka wa 1848. Theluji karibu na ikweta? Hapana, hiyo ni ndoto. Ilibidi wangoje hadi 1883, Joseph Thomson alipopita na kuuona mlima Kenya, na hadi 1899 Mackinder alipofika kileleni. Miaka 50, watu wanabishania kitu ambacho mchungaji wa mbuzi pale Kitui angekuonyesha asubuhi isiyo na mawingu.

Kwenye jiokashingi kuna sheria ngumu: kama jina lako haliko kwenye daftari la kasha, hujapata. Unaweza kusimulia usiku kucha. Cooley alikuwa anadai daftari, sawa. Lakini angalia nani aliandikwa kwenye daftari lenyewe mwishoni. "Krapf, 1849." Aliyempa koodineti akabaki mtu wa pembeni kwenye hadithi. Hili jambo nalirudia baadaye, usilisahau.

Mwatu: kasha lililofichwa wazi

Sasa tufike kwa kitu kinachonifurahisha zaidi. Ukambani tulikuwa tayari tunaweka vyombo porini, mbali na nyumbani, tukijua vilipo, na kuvirudia baada ya miezi. Vinaitwa miatu. Kimoja ni mwatu, yaani mzinga wa nyuki wa gogo, uliochongwa ukatobolewa katikati na kuning'inizwa juu ya mti. Kule nyika ya kusini, Ikutha kuelekea Tsavo, bado kuna mibuyu yenye vigingi vilivyopigiliwa kwenye shina, ngazi ya watu waliokuwa wakipanda kutafuta asali.

Mwatu ulikuwa na alama. Mwenyewe alichonga alama kwenye mbao, ya kwake au ya ukoo wake, na alama za aina hiyo zilikuwa pia kwenye mishale. Msweden Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuandika kitabu kizito kuhusu Wakamba, alizichora na kuzieleza. Ukipita chini ya mti ukaona alama, umesoma jina. Unajua huo mzinga ni wa nani hata kama mwenyewe yuko safari ya siku kumi. Na wizi wa mzinga lilikuwa kosa zito sana, si kama kuiba embe la njiani.

Mwaka jana tulikuwa na binamu yangu upande wa Nzaui, Makueni, tunaenda kuona mahali tunataka kuweka kasha letu. Tulianzia kwa boma la mwenye shamba. Mzee alikuwa amekaa nje. Nikamsalimia, "Wakya, umau." Akaitikia, akaangalia simu mkononi mwangu, na swali lake la kwanza likawa, "Mnapimia nani shamba?"

Tulimweleza polepole. Kikopo, daftari, watu watakuja mara moja moja, hatuchimbi, hatukati, hatujengi. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akatuambia marehemu babake alikuwa na miatu mingi kule juu ya kilima, na kila mmoja ulikuwa na mikato mitatu na mstari. "Hakuna mtu aligusa," akasema. "Kila mtu alikuwa anajua ni yake."

Hiyo sentensi ndiyo hoja yangu yote. Mzinga haukulindwa na kufichwa. Ulining'inia juu pale, kila mpita njia akiuona. Ulilindwa na kujulikana.

Adabu ya kujificha, na kwa nini hapa haifai

Wachezaji wa Ulaya na Marekani wana jina la watu wasiojua mchezo. Wanawaita "Muggles", neno walilotoa kwenye vitabu vya Harry Potter. Na adabu yao inasema hivi: Muggle akipita, jifanye unafunga kamba za viatu. Jifanye unaongea na simu. Ngoja apite, ndio uingize mkono kwenye kichaka. Lengo ni kasha lisijulikane, lisije likaibiwa.

Hiyo inafaa kwa bustani ya mji wa Ujerumani, mahali watu hupitana bila salamu. Sasa ihamishe Kitui. Kijiji kizima hakijui mchezo. Wewe ni mgeni, umetoka kwa nduthi, unazunguka mti wa mtu ukiangalia simu, na ukiona mama amebeba maji unageuka ujifanye unafunga viatu. Mama atafikiria nini? Na hata kabla ya yeye kufikiria, historia imeshamjibia.

Watu wa huku wameona watu wengi wakija na vifaa vya kupimia. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua ng'ombe wa Wakamba ni wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Kwanza walihesabu, kisha wakaanza kuchukua. Enzi hizo Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos. Ilitengwa kuwa wilaya yake mwaka wa 1992. Maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwa kiongozi wao. Serikali ikalegeza, lakini yeye mwenyewe akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Karibu na wakati wetu, watu wa bonde la Mui, Kitui, wameishi miaka mingi na habari za makaa ya mawe yaliyo chini ya mashamba yao: watafiti wanakuja, mashimo ya kupima yanachimbwa, na swali la nani atahamishwa linaning'inia. Kwa hivyo mzee akikuuliza unapimia nani shamba, usicheke. Ameuliza swali la mtu anayejua historia.

Kuna usalama pia. Mwaka wa 2011, kule Wetherby, Uingereza, kasha dogo lililofichwa mjini lilidhaniwa ni bomu. Watu wakaondolewa na wataalamu wa jeshi wakalilipua. Uingereza! Sisi tumepita 1998 pale ubalozi wa Marekani, Westgate 2013, na chuo kikuu cha Garissa 2015, na barabara ya kwenda Garissa inapitia Mwingi, ndani ya kaunti ya Kitui. Kwa hivyo ile tabia ya Wamarekani ya kutumia masanduku ya chuma ya risasi kama makasha, kwa sababu hayaingizi maji, achana nayo kabisa. Ukipatikana na sanduku la risasi kichakani Mwingi, hadithi ya Dave Ulmer na kopo lake la maharagwe haitakusaidia.

Najua mtu atasema, "Lakini ukiambia kila mtu, si litaibiwa?" Labda. Kasha la siri nalo huibiwa, na likiibiwa hakuna wa kukuambia. Kasha ambalo mwenye shamba analijua lina mlinzi. Ndio maana nasema adabu ya kwanza hapa ni salamu. Salimia kwanza, eleza, halafu tafuta. Na ukilificha wewe, liandike nje: hili ni kasha la mchezo, ndani kuna daftari, limewekwa kwa ruhusa ya mwenye shamba. Hiyo ni ile mikato mitatu na mstari.

Sheria zingine, hizi zibaki venye ziko

Rudisha kasha pale pale ulipolikuta, venye ulilikuta. Si mahali "pazuri zaidi". Aliyelificha alikuwa na sababu zake.

Ukichukua kitu, acha kitu chenye thamani sawa au zaidi. Vitu ni vidogo tu: shanga, kishikio cha funguo, sarafu ya nchi nyingine, kamba ya kiondo. Ukiona kidude chenye namba ya kufuatiliwa, hicho si chako. Kina safari yake. Unakisogeza hadi kasha lingine.

Usiweke chakula. Kwetu hata usibishane: siafu, nyani na nyegere watakufikia kabla ya mchezaji yeyote. Usiweke pombe, dawa, kisu wala kiberiti. Watoto wanacheza.

Usichimbe. Ndoo ya Ulmer ilikuwa imezikwa nusu, lakini sheria za leo zinakataa kuchimba shimo la kasha. Lifunike na mawe yaliyoko, lisukume chini ya gogo. Na kati ya kasha na kasha kuwe na angalau mita 161.

Usifiche mahali hutarudi. Kasha linahitaji kuangaliwa, daftari likilowa libadilishwe. Kama unakuja Kitui Krismasi peke yake, tafuta, usifiche, au mwachie mtu wa pale.

Usiweke ndani ya mto wa mchanga. Thwake au Tiva ukiiona Septemba utadhani ni barabara. Novemba mvua ikinyesha kule juu, maji yanakuja bila kupiga hodi.

Usiweke kwenye mti wenye mwatu. Usiweke kwenye ithembo, hata kama pamekuwa kichaka tu na wazee waliokuwa wakitolea sadaka pale hawapo tena. Hayo mahali yalikuwa na sheria zao: miti haikatwi, na si kila mtu anaingia. Mti mkubwa unaouona umesimama peke yake kwenye uchi wa mashamba umebaki kwa sababu ya hizo sheria. Mahali pa turathi zilizolindwa pana sheria ya nchi ya mwaka 2006, na ndani ya mbuga, mfano Tsavo East inayoingia kusini mwa Kitui au Chyulu upande wa Makueni, hushuki kwa gari ukaanza kupekua mawe. Kuna wenyewe, na wana meno.

Na ukiona takataka njiani, okota. Wachezaji wa dunia nzima hufanya hivyo, na mifuko ya kubebea hatukosi.

Vifaa

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi Ukambani. Safari ya kwenda mto Tana ilivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji, kwa hivyo alijaza mitutu ya bunduki yake na mfuko wa ngozi wa darubini. Kwa hivyo kifaa namba moja, kabla ya simu: maji. Lita mbili kwa mtu mmoja kwa asubuhi moja, na kama ni Kibwezi au Mutomo mwezi wa pili, ongeza.

Simu yako inatosha. Mahali peupe inakufikisha ndani ya mita tatu hadi tano. Chini ya miti minene au kando ya jabali inayumba. Pakua ramani kabla hujatoka, kwa sababu bando haina kazi mahali hakuna mnara. Pawabanki, maana GPS inakula chaji. Vifaa maalum vya GPS, kama vya Garmin, vinavumilia vumbi na kuanguka na betri inakaa, lakini bei ni ya mtu mwenye kazi ya kudumu. Usinunue ndio uanze.

Jifunze kusoma namba. Huku kwetu zinaanza na S 0, S 1 au S 2, na E 37, E 38 au karibu hapo: nyuzi, kisha dakika, kisha nukta na sehemu tatu za dakika. Dakika moja ni karibu kilomita 1.85. Ile namba ya mwisho kabisa baada ya nukta ni kama mita mbili. Ukiona S pameandikwa N, uko upande mwingine wa ikweta, kwenye nyika ya kaskazini, na hakuna mwatu utakaokuokoa.

Kalamu ya risasi badala ya wino, kwa sababu wino hukauka juani na hutawanyika kwenye daftari lenye unyevu. Viatu vilivyofunikwa, miiba ya migunga haiheshimu slipasi. Shati ya mikono mirefu. Na fimbo. Hii nasisitiza. Usiingize mkono kwenye shimo au chini ya jiwe kabla fimbo haijaingia, kwa sababu kifutu hulala hapo hapo penye kivuli, na hakimbii ukija. Kasha lenyewe liwe la plastiki ngumu yenye mfuniko wa kubana, lenye kuonekana ndani kama unaweza, na daftari ndani ya karatasi ya nailoni.

Nani ataandika daftari

Sasa ile niliyosema nitarudia. Ukifungua ramani ya mchezo, vidoti vimejaa Ulaya na Marekani. Kenya ni vichache, na Kitui na Makueni ni nyeupe karibu yote. Hiyo nyeupe haimaanishi hakuna kitu. Ramani za London za mwaka 1849 pia zilikuwa nyeupe mahali Kivoi alikuwa anapita akijua kila kisima.

Kila kasha huwa na maelezo yake: hapa ni wapi, kwa nini ufike. Huo ndio utajiri wa mchezo. Anayeficha ndiye anayesimulia. Akija mgeni wa wiki mbili akaweka kasha karibu na Nzambani, ataandika kile alichoambiwa na dereva: ati ukizunguka jiwe mara saba mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Ni hadithi tamu, na sisi wenyewe tunaitumia kuchekea wageni. Lakini akiandika hiyo pekee, hiyo ndiyo Nzambani itakuwa kwa dunia. Nzaui, ambako masimulizi ya Wakamba yanasema watu wa kwanza walishukia kwenye jiwe na kuacha nyayo, itakuwa "mandhari nzuri, leta maji".

Ndio maana nataka vijana wa huku tuanze sisi. Gharama ni kikopo, daftari, na kiatu. Nenda kwa shosho wako, au susu kama nyumbani mnasema Kikamba, muulize hicho kilima kinaitwaje na kwa nini. Omba ruhusa. Andika maelezo kwa Kiswahili na Kikamba, Kiingereza kifuate. Na kwenye maelezo, kama mwenye shamba amekubali, andika ni nani alikuonyesha mahali. Asipotaka jina lake, andika tu kwamba mahali hapa nilionyeshwa, sikupagundua.

La kwetu upande wa Nzaui litawekwa mvua ikiisha, umau alisema tungoje avune ndengu kwanza tusimkanyagie. Nje tutachonga alama. Ndani, ukurasa wa kwanza wa daftari tumeamua hautakuwa wangu wala wa binamu yangu. Yeye ndiye ataandika jina, kama atapenda. Wengine wote mtafuata chini yake, na kabla ya hapo mtapitia bomani kusalimia.